Bahari Isiyokupwa

Mji wa Stockholm umekaa mahali ambapo maji matamu hukutana na maji ya chumvi. Magharibi ni ziwa Mälaren. Mashariki ni Saltsjön, mkono wa Bahari ya Baltiki unaopenya kati ya maelfu ya visiwa hadi katikati ya mji. Milango ya maji ya Slussen ndiyo inayoyatenga haya mawili, na ziwa limeipita bahari kwa kimo cha sentimita 70 hivi tu. Saltsjön maana yake ni bahari ya chumvi, ila chumvi yenyewe imebaki zaidi katika jina kuliko katika maji. Hata nje kabisa, visiwa vinapokwisha, lita moja ya maji ya Baltiki ina gramu 6 au 7 za chumvi, ilhali lita ya Bahari ya Hindi ina gramu 35. Aliyezaliwa pwani ya Mrima akiyaonja hudhani amefanyiwa mzaha.

Hayo ya chumvi huzoeleka. Lisilozoeleka upesi ni kwamba bahari hii haipwi. Haina bamvua wala maji mafu. Maji hupanda na kushuka kidogo kwa upepo na kwa uzito wa hewa, na mwezi hauna amri juu yake ila ya sentimita chache. Mwanamke mmoja wa Pangani, aliyehamia Stockholm mwaka 2003, alihitaji karibu mwaka mzima kutambua ni kitu gani kilichokuwa kikimkera kila alipopita ukingoni. Alidhani ni baridi. Kisha akadhani ni ukimya wa watu. Siku moja akamwambia dada yake kwa simu, "Bahari ya huku imekufa. Imesimama pale pale tangu asubuhi." Kwao, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na shughuli za watu hupangwa kwa hayo: za wavuvi, za wenye majahazi, na za wanawake wanaongoja mwamba uachwe wazi waende wakatafute chaza na pweza. Mtoto wa Pangani hujua saa kabla hajafundishwa kusoma saa. Mpangani huyu, ambaye jina lake halihitajiki hapa, alijikuta katika mji uliozungukwa na maji pande zote na usio na saa hata moja aliyoweza kuisoma.

Rafiki alimpata maktabani. Miaka hiyo Maktaba ya Kimataifa ilikuwa bado Odenplan, ubavuni mwa ile maktaba kuu yenye ukumbi wa duara iliyobuniwa na Gunnar Asplund na kufunguliwa mwaka 1928, na rafu ya Kiswahili ilikuwa fupi kiasi cha msomaji kuweza kuimaliza kwa majira mawili ya baridi. Mbele ya rafu hiyo alisimama bibi wa Kiswidi mwenye mvi, mfuko wa kitambaa begani, akimtazama kama mtu anayekusanya ujasiri. Kisha akasema, kwa sauti iliyozidi adabu ya maktaba, "Shikamoo, mama!"

Kuamkiwa shikamoo na mtu wa miaka 70 ni jambo la kumfanya Mswahili atafute pa kujificha. "Hasha, bibi, mie ndiye wa kukuamkia. Shikamoo." Yule bibi akafikiri, akatafuta, akalipata: "Marahaba, mwanangu." Macho yakamlengalenga machozi, kwa kuwa jibu hilo alikuwa hajalitamka kwa miaka 40.

Alikuwa muuguzi Kibaha. Kituo hicho, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam, kilianzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi nne za Nordiki, kikiwa na shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 kikakabidhiwa serikali ya Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Yeye alikaa huko miaka mitatu, akiwa msichana wa miaka 26 alipofika. Miaka mitatu ni kitu gani katika umri wa mtu? Kwa hesabu ya kawaida ni kidogo. Lakini Uswidi ina watu wengi wa namna yake, walimu, wauguzi, wahandisi na wamisionari, waliokwenda Tanzania wakiwa vijana, wakarudi, na wakagundua kwamba kurudi hakukuwarudisha. Wachache walichukua hatua ya mwisho. Barbro Johansson, aliyezaliwa Malmö mwaka 1912, alikwenda Bukoba mwaka 1946 kama mwalimu wa misheni, akaanzisha shule ya wasichana ya Kashasha, akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akachukua uraia wa Tanganyika baada ya uhuru, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akafanya kazi Stockholm katika ubalozi wa Tanzania. Mji mkuu wa nchi aliyozaliwa aliuingia akiwa mwakilishi wa nchi aliyoichagua. Bibi wa Kibaha hakuwahi kwenda umbali huo. Alirudi, akaolewa, akazaa, akastaafu, na katika droo ya jikoni akabaki na kamusi ndogo ya Kiswahili iliyolegea uti wa mgongo.

Urafiki wao ulikua kwa ubishi wa maneno. Bibi alitaka apewe Kiswahili cha neno längta. Kiswidi hulitumia kila siku bila haya: mtoto hufanya längta kwa ajili ya Krismasi, mgonjwa kwa ajili ya afya, na yeye kwa ajili ya harufu ya mvua ya kwanza juu ya mchanga wa Kibaha. Hutazama mbele na nyuma kwa jicho moja. Kwa kitu kilichopotea kabisa lipo neno jingine, sakna, ambalo ni kuhisi pengo. Mpangani kwanza akampa "kukumbuka", kwani Mswahili akisema "nimekukumbuka" hasemi habari za kumbukumbu, anasema moyo unakutaka. Bibi hakuridhika, kukumbuka, alisema, ni kugeuza shingo. Ndipo Mpangani akampa "hamu", na kwa kuwa neno hilo peke yake lilionekana kusimama kwa mguu mmoja, akaongeza mwenziwe: "hamu na ghamu".

Hapa pana jambo ambalo wasemaji hulipita kila siku bila kulitazama. Maneno haya mawili ni ya Kiarabu, na kwa Kiarabu yote mawili ni mazito: hamm ni wasiwasi, jambo linaloukalia moyo, ghamm ni huzuni inayofunika. Mswahili aliyachukua mazito hayo, akayafunga kamba moja, akamwandikia nayo mgeni anayengojwa kwa shangwe: tunakusubiri kwa hamu na ghamu. Huzuni mbili zimekaa pamoja zikatoa furaha. Maandishi mengi ya ughaibuni huieleza hamu ya kwao kama maradhi ambayo dawa yake ni tiketi ya ndege, na mwenye hamu kama mtu ambaye furaha yake imewekwa rehani ng'ambo. Lugha yenyewe haikubaliani nayo. Imeshatambua, zamani sana, kwamba katika kutaka kilicho mbali mna uchangamfu, na kwamba asiye na hamu ya kitu chochote ndiye wa kuonewa huruma. Bibi aliposhika msemo huo hakuuacha. Akawa ana hamu na ghamu ya kahawa, ya basi lililochelewa, ya majira ya machipuko.

Mwezi wa Agosti alimpeleka Mpangani msituni. Wa karibu ni ule wa Sätra, si mbali na Bredäng ambako Mpangani alikuwa akikaa, na huko buluberi hujaa chini ya misonobari bila kupandwa na mtu. Uswidi ina desturi iitwayo allemansrätten, haki ya kila mtu, ambayo tangu mwaka 1994 imetajwa katika katiba: yeyote aweza kupita katika ardhi ya mwingine, kuchuma matunda ya mwituni na uyoga, hata kulala usiku mmoja, mradi asisumbue wala asiharibu. Bibi alizoea wageni wasioamini. Mpangani aliamini mara moja. Mwamba wa Pangani maji yakitoka hauna hati wala uzio. Anayeokota kombe haulizwi ni wa nani, isipokuwa ajue adabu ya kugeuza jiwe na kulirudisha lilivyokuwa. Alishika ndoo, akainama, na mgongo wake ukautambua ule mwinamo kabla akili haijautambua. Mara ya kwanza tangu aondoke kwao, alikuwa katika safu ya wanawake walioinama, wakizungumza bila kutazamana.

Maneno mazito husemeka zaidi watu wakiwa hivyo. Ni pale, mikono ikiwa imegeuka zambarau, Mpangani alipoeleza jinsi mama yake alivyofariki mwaka 2006 wakati yeye anangojea karatasi za ukaazi, na jinsi alivyousikia udongo ukitupwa kaburini kupitia simu ya mpwa wake. Bibi hakusema pole, ingawa neno alilijua. Aliendelea kuchuma, akasogea karibu, na ndoo ya Mpangani ikaanza kujaa kwa mikono minne.

Bibi alikuwa na kijumba cha mbao katika visiwa, urithi wa babake, na palikuwa na gati ambalo halikuwa na kazi tena kwa sababu lilikuwa limesimama juu ya majani. Mpangani alidhani lilijengwa vibaya. Akaelezwa kwamba nchi hii inapanda. Barafu nene iliyoikandamiza iliyeyuka miaka 10,000 iliyopita, na ardhi ingali inanyanyuka kama godoro lililoinukiwa na mtu mzito: pande za Stockholm ni milimita 4 hadi 5 kila mwaka, kwa umri wa mtu mmoja karibu na dhiraa moja, ingawa siku hizi kupanda kwa bahari kunapunguza hesabu hiyo. Mälaren yenyewe ilikuwa ghuba ya bahari hadi mnamo mwaka 1200, ndipo ardhi ikaifungia nje.

Mpangani alikaa juu ya lile gati kwa muda mrefu. Kisha akamsimulia Bibi habari za Maziwe. Ni kisiwa kilicho kusini mashariki mwa mdomo wa mto Pangani, na wazee wanakikumbuka kikiwa na mivinje, kivuli, na kasa wengi waliopanda kutaga. Mchanga ukaliwa, miti ikaanguka mmoja mmoja, na kufikia miaka ya 1980 hapakuwa tena na mti. Leo Maziwe ni fungu jeupe linaloonekana maji yakipwa na kupotea maji yakijaa. Kasa hawakuambiwa. Wanaendelea kuja kutaga juu ya mchanga utakaofunikwa na maji kabla mayai hayajaanguliwa, na watu wa huko huyachukua mayai hayo kwa mikono na kuyafukia upya pwani ya Ushongo, bara, ili vitoto vipate kuzaliwa. Bibi aliuliza kama vitoto hivyo vikikua vitarudi Ushongo au vitarudi Maziwe. Mpangani hakuwa na jibu. Walibaki wamekaa, mmoja akiwa mtu wa nchi inayoota kutoka majini, mwingine wa nchi inayozama, na kwa mara ya kwanza, kwa kauli yake mwenyewe baadaye, Mpangani hakuitaka bahari ile iwe nyingine.

Kuna ndege ambaye Waswidi humwita näktergal. Ni mdogo, wa rangi ya udongo, asiye na pambo lolote, na hupenda vichaka vya majimaji. Hufika katikati ya Mei, na huimba usiku, nyakati ambazo usiku wa Stockholm umekuwa tu mchana uliochoka. Sauti yake si laini. Ina mikwaruzo na vishindo vya ulimi, kama fundi anayejaribu vyombo vyake. Bibi ndiye aliyemwonyesha, kando ya kinamasi cha Isbladskärret katika kisiwa cha Djurgården, baada ya kuvuka kwa ile feri ndogo ya Slussen ambayo Mpangani aliipenda kuliko sehemu yoyote ya mji, kwa sababu ilimkumbusha pantoni la Bweni na kwa sababu haikudai uwe na safari. "Huyu katoka kwenu," Bibi alisema. Na ni kweli. Ndege huyu hupita mashariki mwa Kenya mwezi wa Novemba na Desemba akielekea kusini. Katika Tsavo Magharibi, usiku wa ukungu usio na mwezi, taa za hoteli ya Ngulia huwavuta wahamaji wa angani kwa maelfu. Tangu mwaka 1969 watafiti huwanasa kwa nyavu, huwavisha pete mguuni na kuwaachia, na näktergal ni miongoni mwa wanaopatikana kwa wingi zaidi. Ni yupi kwao? Wasomi wa ndege watajibu kwamba kwao ni anapotaga. Pengine. Lakini swali hilo halimzuii kula anakofika.

Kisha Bibi akaanza kusahau. Kwanza yalikwenda majina, halafu siku, halafu njia ya kutoka kituo cha treni hadi mlangoni kwake. Mpangani, ambaye riziki yake ni kuwahudumia wazee wa watu wengine katika nyumba ya upande mwingine wa mji, alizijua dalili mapema kuliko watoto wa Bibi, na alinyamaza kwa mwezi mzima kwa kuwa hakuona kuwa hiyo ilikuwa nafasi yake. Bibi alipohamishiwa nyumba ya wazee, Mpangani alikwenda kila Jumapili akiwa na Peponi, ile tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Akademi ya Uswidi kulitangaza jina la Mzanzibari huyo kutoka Stortorget, katikati ya mji wa kale. Alimsomea kwa sauti. Bibi hakufuata hadithi. Alifuata mwendo wa lugha, kichwa kikienda nao, na kila baada ya kurasa mbili tatu alisema "marahaba", mahali ambapo hapakuwa na salamu.

Alasiri za huko zilikuwa na shida yake. Giza likianza, saa nane na nusu au saa tisa mchana wakati wa Desemba, Bibi alishika mkoba na kwenda mlangoni akisema kwa Kiswidi kwamba anataka kwenda nyumbani. Wahudumu walimjibu kwa upole kwamba yupo nyumbani, jibu ambalo kila aliyefanya kazi hiyo hulitoa na kila aliyelisikia halimfai. Siku moja Mpangani akamwuliza kwa Kiswahili, "Kwenu wapi, bibi?" Akajibu hapo hapo, bila kutafuta: "Kwetu kule." Aliuelekeza mkono dirishani. Nje palikuwa na maegesho ya magari na theluji iliyochafuka.

Jibu hilo lilimkaa Mpangani kwa majuma. Kama hamu ni kukumbuka, kama lugha yake ilivyomfundisha tangu utotoni, basi aliyepotewa na kumbukumbu angepaswa kupumzika na hamu. Bibi hakupumzika. Alikuwa hana tena Kibaha, wala kijumba cha visiwani, wala jina la mumewe, na bado mkono ulijua kuelekeza. Mpangani aliacha kumrekebisha. Akawa anavaa koti, anamvika Bibi la kwake, na wanakwenda kwetu: wanazunguka jengo mara moja, polepole, Bibi akiwa amechangamka kama mtu aliyekaribia kufika, na wanaingia kwa mlango ule ule. Furaha ile ilikuwa ya kweli. Aliyeiona hangeweza kusema ni ya kudanganywa.

Alifariki mwezi wa Machi mwaka 2023. Kwa Pangani maiti huzikwa siku hiyo au ya pili yake. Uswidi sheria hutoa hadi mwezi mmoja, na familia ya Bibi iliutumia karibu wote. Majivu yake yalizikwa Skogskyrkogården, makaburi yaliyo ndani ya msitu wa misonobari kusini mwa mji, kazi ya Asplund na Sigurd Lewerentz, ambayo tangu mwaka 1994 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwenyewe alikuwa ameomba bustani ya ukumbusho wa pamoja, ambapo majivu hufukiwa bila ndugu kuwepo na mahali penyewe hapawekwi alama. Mpangani alilipokea hilo kwa uchungu. Alitaka pahali pa kusimama.

Mwanzoni mwa Novemba, siku ya Watakatifu Wote, maelfu ya watu huenda huko na mishumaa. Alikwenda. Alitarajia kilio, akakuta chupa za chai na kahawa, watoto wakikimbizana, wazee wakisalimiana chini ya miti, na mwanga uliotapakaa ardhini hadi jicho lilipokoma. Hakujua aombe nini na kwa utaratibu upi. Aliwasha wake, akauweka pamoja na ya wengine katika bustani isiyo na majina, na mara haukutambulikana tena ni upi. Majuma hayo hayo, kama ukungu umeshuka Tsavo, taa za Ngulia nazo zilikuwa zinawaka.

Desemba alikwenda Pangani kwa likizo ya majuma matano. Katika sanduku alibeba mifuko miwili ya uyoga wa manjano wa Sätra, aliouchuma peke yake mwezi wa Septemba na kuukausha juu ya magazeti. Siku ya kumi alimwambia wifi yake kwamba ana hamu, na wifi, aliyekuwa anakuna nazi, akauliza hamu ya nini tena, si umeshafika? Akasema ya baridi kidogo, na ya ile feri. Walicheka mpaka mbuzi ikateleza. Shangazi aliutazama ule uyoga kwa shaka, akaunusa, akauloweka usiku kucha, akautia tui na ndimu, akaonja kwa ncha ya mwiko, na akasema umepungua chumvi.